Kisu cha Nairobi, maumivu ya Nyeri

Anayetaka kutolewa mafuta ya tumbo akiwa Nyeri, Karatina au Nanyuki mara nyingi huteremka Nairobi. Akishapasuliwa hupanda gari na kurudi, karibu kilomita 150 hadi Nyeri mjini. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda semina. Usiku wa pili tumbo linawaka moto, na hana wa kumwambia, kwa kuwa semina haimwachi mtu na bandeji.

Siri hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko kidonda chenyewe.

Maumivu mengi ya siku hizo ni ya kawaida. Mrija wa kunyonya mafuta hupitishwa chini ya ngozi tena na tena, ukiacha michubuko na uvimbe. Siku mbili tatu za kwanza ndizo kali, kisha yanapaswa kupungua. Wiki kadhaa baadaye, neva zinapoamka, huja michomo ya ghafla kama ya sindano, ikamshtua mtu aliyedhani amepona. Hiyo nayo hupita. Dawa ya maumivu imezwe kwa saa alizopanga daktari, mtu asingoje mpaka alie. Atembee kidogo kidogo ndani ya nyumba, na vazi la kubana alilopewa asilivue kwa sababu tu linakera.

Kwetu kuna hatari nyingine isiyotajwa sana: baridi ya Julai. Ngozi iliyopasuliwa huwa imekufa ganzi, na chupa ya maji moto iliyowekwa tumboni inaweza kuibabua bila mwenyewe kusikia.

Kemisti nako kuna mtego. Mtu anayeficha upasuaji husema anaumwa mgongo, akapewa diklofenaki, na mkobani tayari ana ibuprofeni. Hizo ni za ukoo mmoja. Zikimezwa pamoja huumiza tumbo na figo. Baadhi ya vidonge vya kichwa vya dukani vina aspirini, ambayo huongeza uwezekano wa kuvuja damu.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua hayangojwi kuche. Tumbo likikaza na kutapika kukaja, homa ikipita nyuzi 38, kidonda kikitoa usaha, mguu mmoja ukivimba, kifua kikibana au pumzi ikikatika, ni hospitali mara moja. Mguu na kifua huenda ni damu iliyoganda, na kukaa garini muda mrefu baada ya upasuaji huichochea. Na hatari za upasuaji huu si hadithi tu: mwezi Oktoba 2024, Baraza la Madaktari nchini, KMPDC, lilifunga kliniki moja ya Nairobi kufuatia kifo cha mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa urembo.

Wengine husita wakidhani hospitali ya Nyeri itawafukuza kwa kuwa hawakupasuliwa hapo. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inalinda siri ya mgonjwa, kwa hivyo daktari aambiwe kila kitu: ulipasuliwa lini, wapi, ukameza nini.

Nawe unayepanga kwenda, hakikisha kwanza jina la daktari limo kwenye sajili ya KMPDC, rudi na karatasi za upasuaji, na mwambie ukweli angalau mtu mmoja utakayelala naye nyumba moja. Hata kama ni mama mkwe.