Mgeni njoo Garissa, lakini mwenyeji naye apone

Mkenya anapotaja utalii, aghalabu mawazo yake hukimbilia mahali pawili: fuo za Pwani na mbuga ya Maasai Mara. Ni nadra kumsikia mtu akifunga mizigo, akapita Thika na Mwingi, akasafiri takriban kilomita 370 kutoka Nairobi hadi Garissa kwa nia ya kustarehe. Aendaye huko huwa ni mtumishi wa serikali aliyehamishwa, mfanyabiashara wa mifugo au mfanyakazi wa shirika la misaada.

Hofu hiyo ina historia yake. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, mauaji ya Wagalla ya 1984, sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi 1991, na shambulio la Aprili 2, 2015 katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa lililoangamiza watu 148, ni mambo yasiyofaa kufichwa. Hata leo msafiri mwenye busara huuliza kwanza hali ya usalama ya njia anayokusudia kuipita. Hata hivyo, eneo zima halisomwi kwa ukurasa mmoja.

Tutazame maumbile. Huko Ijara, karibu na ukingo wa mashariki wa Mto Tana, wafugaji waliasisi hifadhi ya Ishaqbini mwaka 2007 ili kumlinda hirola, mnyama wa jamaa ya kongoni mwenye mstari mweupe unaounganisha macho mithili ya miwani. Inakadiriwa kwamba hirola waliosalia porini duniani hawafiki 500. Mwaka 2012 wanyama 48 walitiwa ndani ya ua wa kuwazuia simba na fisi, na tangu hapo wameongezeka zaidi ya maradufu. Si mbali na mji wa Garissa, twiga wenye mabaka yaliyopangika kama wavu hulisha katika ardhi ile ile wanamopita ngamia na mbuzi.

Fauka ya hayo kuna mapishi. Nyirinyiri, ile nyama ikatwayo vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa kisha ikahifadhiwa kwa samli, ni elimu ya watu waliojua kusafiri na chakula kisichooza. Maziwa ya ngamia hubeba harufu ya moshi wa vijinga vilivyofukiziwa chombo chake. Anjera huliwa asubuhi kwa chai, na sambusa na halua humkumbusha mgeni kwamba Garissa na Lamu ni majirani wa tangu jadi.

Huenda msomaji akauliza: haya yatamfaa nini mfugaji? Tujifunze kwa Italia. Huko, vijana wa mabonde ya milimani walihamia mijini na mashamba mengi yakageuka mahame. Baadhi ya wakulima waliobaki wakaanza kuwakaribisha wageni walale kwao, wale jibini na mkate wa nyumba hiyo. Mwaka 1985 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuongoza shughuli hiyo, na sharti lake kuu likawa hili: kilimo kibaki kazi ya msingi, na ugeni uwe wa kukijaliza tu. Nasi tuseme vivyo hivyo. Mfugaji abaki mfugaji. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulipoangamiza mifugo, ilidhihirika kwamba anahitaji kipato cha pili. Hahitaji kugeuzwa kuwa maonyesho.

Lipo suala gumu zaidi. Kwa Msomali, mgeni ni marti, na kumlisha marti ni wajibu usiodai malipo. Ukarimu ukitiwa bei, je, hautakufa? Kwa maoni yangu, kiuzwe kile ambacho ni kazi: uongozaji wa njia, malazi, mikeka, maziwa, samli. Makaribisho yenyewe yasiuzwe. Na kwa kuwa mwanamke ndiye ajengaye aqal, na ndiye aghalabu auzaye maziwa sokoni, malipo yamfikie mkononi mwake bila kupitia kwa dalali.

Hali kadhalika lugha. Kitaalamu hirola hubeba jina la Hunter, Mwingereza wa karne ya 19, ilhali wafugaji walikuwa wakimwita arawla kabla ya Mwingereza huyo kufika. Mabango ya hifadhi na yaandikwe pia arawla, na twiga aitwe geri, ili kijana wa Ijara ajione kuwa yeye ndiye mwalimu na mgeni ndiye mwanafunzi. Mgeni naye avae kwa staha, asidai pombe, wala asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

Serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zina nafasi ya kuyapanga haya mapema, kabla ya wenye fedha kutoka mbali kuja kujenga kambi za kifahari na kumwachia mwenyeji kazi ya kulinda lango. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apone mwenye hoteli aliye Nairobi.