Feni ya Laptopu na Hewa ya Amu

Je, wajua kwamba feni ya laptopu inayovuma mchana kutwa mjini Lamu, au Amu kwa wenyewe, mara nyingi ni nzima kabisa? Yenyewe haiamui kitu. Ndani ya mashine mna vihisi vidogo vinavyopima joto la prosesa, na chipu nyingine huvisoma na kuiamrisha feni iwake, iongeze mbio au ilale. Prosesa nyingi hustahimili hadi karibu nyuzijoto 100 za Selsiasi. Zikifika hapo hujipunguzia kasi, na joto likizidi mashine huzimika.

Njia inayopitia joto hilo inastaajabisha kuliko feni. Juu ya prosesa hulazwa mrija bapa wa shaba uliozibwa pande zote, wenye maji kidogo mno ndani. Upande wa prosesa maji hugeuka mvuke. Mvuke hukimbilia upande wa pili penye mapezi membamba ya metali, hupoa, huwa maji tena, kisha hunyonywa na utambi uliomo mrijani hadi yalikotoka. Hakuna pampu. Mwaka 1963 George Grover na wenzake katika maabara ya Los Alamos, Marekani, waliunda mirija ya namna hii wakifikiria vyombo vya anga za juu. Feni huja mwisho kabisa, kupuliza hewa kati ya mapezi.

Tatizo la Lamu ni hewa yenyewe. Kitu hupoa kwa kadiri ya tofauti ya joto kati yake na hewa inayokizunguka. Mapezi yakiwa na nyuzi 60 katika chumba cha nyuzi 20, tofauti ni 40. Yapeleke mapezi hayo hayo mtaa wa Langoni, Lamu, mwezi wa Machi, kaskazi imelegea na chumba kimefika 32, tofauti inashuka hadi 28. Kwa upepo ule ule, joto linalotoka limepungua kwa asilimia 30, basi feni haina budi kukimbia. Na ikiongeza kasi maradufu, umeme inaoula huwa karibu mara nane. Ndiyo maana pia huwaka, ikazima, ikawaka tena hata ukiwa unasoma barua moja tu: joto la mashine iliyotulia tayari liko kizingitini pa kuiamsha.

Wengine huiwashia feni ya mezani. Husaidia kuitawanya hewa moto, lakini usitarajie makubwa. Mtu hupepewa akaburudika kwa sababu jasho lake linakauka. Laptopu haitoki jasho, na katika chumba cha nyuzi 32 hakuna upepo utakaoishusha chini ya 32. Heri kuhama chumba. Nyumba za kale za mtaa wa Mkomani, zenye kuta nene za matumbawe na chokaa, huchelewa kupata joto la mchana, na chumba cha chini humo ni ofisi bora kuliko kibanda cha mabati saa nane. Usiiweke juu ya godoro, maana laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini. Hata ulili wa kamba ulio mtupu una nafuu, ingawa meza ndiyo mahali pake.

Kisha kuna chumvi, na hapa sitii chumvi. Chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani mpaka ikayeyuka pindi unyevu unapopita asilimia 75 hivi, na visiwani unyevu huvuka hapo mara kwa mara. Vumbi la chokaa, nyuzi za nguo, mchanga laini wa Shela na chembe za makuti vikikutana na chumvi hiyo kwenye mapezi huwa utando wenye kunata, ambao kupuliza kwa nje hakuubandui.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama kwanza nani anayeipa prosesa kazi. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Katika orodha itakayofunguka, mara nyingi utakuta kivinjari chenye kurasa tele, au programu inayojisasisha kimyakimya. Katika mipangilio ya umeme, kwa mashine nyingi, ukishusha ukomo wa prosesa kutoka 100 hadi 99, ule mwendo wa ziada huzimika, na kwa kazi za maandishi hutaona tofauti. Programu za kuilazimisha feni inyamaze siziafiki hata kidogo, kwani joto hubaki pale pale.

Ikibidi kufungua, zima mashine, chomoa betri, safisha mapezi kwa brashi laini, na ukipuliza ishikilie feni isizunguke ovyo ikajiharibu. Ile rojo iliyo kati ya prosesa na shaba hukauka kwa miaka. Ibadilishwe papo hapo.

Ziko laptopu zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air tangu ile ya chipu ya M1 ya mwaka 2020. Hazivuti hewa ya chumvi ndani, na hilo pwani si dogo. Lakini Apple yenyewe huagiza zitumike penye nyuzi 10 hadi 35, na zikipewa kazi nzito mchana wa Machi hupunguza mwendo bila kutoa sauti yoyote.