Nani Amlipie Mshauri Nasaha Deni Lake?

Mama aliyewahi kumpeleka mwanawe kutafuta tiba ya unga ajua ya kwamba dawa peke yake haitoshi. Pana haja ya mtu wa kuketi na kijana yule wiki baada ya wiki, amsikilize, ampokee tena anapoteleza, na aseme na baba aliyekwisha kukata tamaa. Mtu huyo ni mshauri nasaha. Hapa kwetu Pwani, ambako kliniki ya methadoni ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, tumewaona washauri wengi wakija, wakakaa miezi, kisha wakaondoka. Twawalaumu kwa uchache wa subira, wala hatuulizi wanadaiwa nini.

Wamarekani waliliuliza swali hilo. Kwao, mshauri wa afya ya akili kwa kawaida husoma hadi shahada ya uzamili, kisha hufanya kazi maelfu ya saa chini ya msimamizi ndipo apewe leseni kamili. Wengi husoma kwa mkopo, tena mkopo wa riba, ambayo huendelea kuzaa hata mshahara uwapo mdogo. Kituo cha waraibu katika mji maskini hakina cha kumlipa. Basi mshauri huhamia jijini akawahudumia wenye uwezo, na mji aliouacha ndio wenye wagonjwa wengi.

Mwaka 2018 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupambana na janga la dawa za jamii ya afyuni, na ndani yake umo mpango ujulikanao kwa jina la STAR. Mhudumu akikubali kuwatibu waraibu kwa miaka 6, serikali humlipia mkopo wake wa masomo hadi dola 250,000. Lakini hafanyi kazi popote atakapo. Sharti mahali pawe na upungufu wa wahudumu wa afya ya akili, au iwe ni kaunti ambayo vifo vya kuzidisha dawa vimepita wastani wa taifa. Avunjaye mkataba hutozwa.

Upo pia mpango mwingine wa miaka 3, ambao ulipotangazwa kiwango chake cha juu kilikuwa dola 75,000. Sisi twauona ule wa miaka 6 kuwa na hekima zaidi, hata kama ni ghali. Uraibu ni maradhi ya kurudi-rudi. Kijana aliyeacha unga Shaaban aweza kuurudia baada ya Idi, na akirudi kituoni akakuta sura ngeni, huanza kusimulia upya aibu zake zote, au hukaa kimya. Kinachonunuliwa kwa fedha zile ni kubaki kwa mtu mmoja mahali pamoja.

Hatusemi mambo yao yote ni mazuri. Waombaji hushinda fedha zilizopo. Na mpango wao mkongwe zaidi, wa mwaka 2007, uliwaahidi watumishi wa umma kusamehewa salio la mkopo baada ya malipo 120. Ilipofika zamu ya waombaji wa kwanza, karibu wote walikataliwa, wengi wao kwa sababu ya aina ya mkopo au kasoro za makaratasi. Mwaka 2021 watu zaidi ya 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa, kwa hiyo mipango hii haijaziba pengo.

Hapa Kenya, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ni ya mwaka 2014. Kijana anayesomea kazi hiyo chuo kikuu kwa mkopo wa HELB hutakiwa aanze kulipa mwaka mmoja baada ya kuhitimu, pamoja na riba ya asilimia 4. Akichelewa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mshauri wa kujitolea, apewaye nauli tu na kituo, ataitoa wapi?

Kaunti zetu hutoa basari kila mwaka. Katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, akina mama waweza kuuliza: katika fungu hili, ni wangapi wanaosomea ushauri nasaha, na ni nani kati yao aliyetia saini kurudi kufanya kazi Kisauni, Malindi au Lamu, na kwa miaka mingapi?