Stata ya Injini ya Mashua

Wenye mashua kuukuu za tanga zilizotiwa injini ya dizeli, ya kusaidia upepo unapokufa, wana taabu moja inayofanana: swichi huzungushwa, na injini haijibu. Hayo yakitokea chombo kimefungwa Mwigobero, mjini Musoma, si neno kubwa. Lakini hutokea pia karibu na miamba, tanga limeshushwa na mawimbi yanasukuma chombo, na hapo roho za watu zimo hatarini. Msomaji wa Butiama asiye na chombo naye asilipite jambo hili, kwa kuwa trekta na lori huwashwa kwa stata ya namna hii hii.

Injini ya Rudolf Diesel, Mjerumani, iliyofanya kazi vema mwaka 1897, haina cheche ya kuwashia mafuta. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate moto mkali, ndipo mafuta hunyunyizwa yakawaka. Injini ikizungushwa polepole joto hupotea, nayo haiwaki. Basi stata ya dizeli yahitaji umeme mwingi mno kwa sekunde chache, na umeme mwingi hivyo hautaki njia mbovu.

Hapa ndipo tuonapo watu wakipotea. Stata ikinyamaza, mtu huuza mbuzi, akapanda basi kwenda Mwanza kununua nyingine. Akiisha kuifunga, mambo ni yale yale. Ugonjwa ulikuwa katika waya.

Kwanza toa gia, kisha washa taa ya chombo na uzungushe swichi huku ukiitazama. Taa ikififia sana, betri ni dhaifu, au kiungo cha waya mnene kimelegea, au injini yenyewe imekwama. Taa isipobadilika na pasisikike kitu, umeme haufiki kwenye solenoidi, yaani kile kipipa kidogo kilichopanda juu ya stata. Stata ikivuma peke yake bila kuzungusha injini, meno yake hayakushika gurudumu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Kipima volti ni bora kuliko kubahatisha. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha 12.6 hivi, ikionyesha 12.0 imekwisha karibu yote. Wakati wa kuzungusha, isishuke sana chini ya 10. Ikiwa betri ni nzima na stata bado ni mvivu, weka ncha moja ya kipimo juu ya kichwa cha chanya cha betri, na ya pili juu ya bolti nene ya stata, mwenzako azungushe swichi. Kipimo kikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani. Fanya vile vile upande wa hasi, toka kichwa cha betri mpaka chuma cha injini. Upande huu wa hasi husahauliwa na wengi, nao ndio wenye kutu mara kwa mara. Fungua viungo, visugue kwa msasa mpaka shaba ing'ae, vikaze, kisha vipake grisi. Tafadhali usivute sigara hapo: betri hutoa hewa yenye kulipuka.

Katika mashua za zamani kuna neno jingine. Swichi huwa karibu na usukani, na waya wake mwembamba hupita mita kadhaa pamoja na viungo vingi kabla ya kufika kwenye solenoidi. Maji ya Nyanza hayana chumvi kama ya bahari ya Tanga, na kwa hiyo watu hudhani waya haziliwi. Lakini unyevu wa chini ya sakafu huzigeuza kuwa unga wa kijani. Hapo solenoidi hulia "tik" tu, au hainyanyuki. Dawa yake ni kubadili waya, au kufunga rilei karibu na injini, ili swichi ibebe umeme mdogo tu.

Stata iliyochoka kaboni pengine huamka ikigongwa polepole kwa kipande cha mti. Hiyo ni ya kukufikisha pwani tu.

Tena msing'ang'anie swichi. Sekunde kumi zatosha, kisha stata ipumzike dakika moja au mbili. Injini nyingi za mashua hutoa maji ya kupoza pamoja na moshi. Isipowaka, hakuna moshi wa kuyasukuma nje, nayo hujaa katika ekzosi mpaka yarudi ndani ya silinda. Maji hayabaniki, na vyuma hupinda. Ukijaribu mara kadhaa bila kufaulu, funga koki ya maji ya ziwa, na uifungue mara injini inapowaka.

Wenzetu wa Kibara na Kisorya, wilayani Bunda, wanaovuka Ghuba ya Speke, watazame kama injini yao ni ya zamani yenye hendeli na wenzo wa kuachia hewa. Inua wenzo, zungusha mpaka gurudumu lipate mbio, ndipo uuangushe. Kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kwa maana injini ikipiga nyuma hukivunja.