Adui Aliyewashinda Askari kwa Kicheko

Katika mji mdogo wa Rwekubo, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kibanda cha video humkutanisha raia, mkimbizi na askari aliye mapumzikoni. Kwa desturi ya vibanda vyetu nchini Uganda, stelingi ndiye apigiwaye makofi, naye adui hungojewa afe ili watu waende zao. Ipo sinema moja, hata hivyo, ambayo adui wake ndiye akumbukwaye kuliko stelingi, nasi tumeona yafaa tuizungumzie katika ukurasa huu, kwani ina funzo kubwa kwa kila avaaye sare.

Sinema hiyo ni The Dark Knight, iliyoongozwa na Christopher Nolan na kutolewa mwezi Julai 2008. Ni sehemu ya pili ya hadithi ya Batman, tajiri avaaye vazi la popo nyakati za usiku ili kupambana na majambazi wa mji wa Gotham. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 2005. Hii ya pili iliipita ya kwanza kwa mbali, ikachuma zaidi ya dola bilioni moja duniani, na sifa nyingi zilimwendea Heath Ledger, mchezaji kutoka Australia, aliyecheza nafasi ya adui aitwaye Joker.

Ledger hakujaliwa kuyaona mafanikio hayo. Alifariki mjini New York tarehe 22 Januari 2008, akiwa na umri wa miaka 28, sinema ikiwa bado haijatoka. Mwaka 2009 alitunukiwa Oscar ya mchezaji msaidizi bora, jamaa zake wakampokelea. Joker wake ana uso uliopakwa rangi nyeupe na kinywa chenye makovu, na ulimi wake hauishi kuramba midomo. Hana uchu wa mali. Lundo la noti analitia moto mbele ya majambazi wenzake. Shabaha yake ni moja: kuthibitisha kwamba mlinzi wa sheria, akibanwa vya kutosha, ataitupa sheria mwenyewe.

Shabaha hiyo huonekana wazi katika chumba cha mahojiano cha polisi. Joker amekamatwa, na watu wawili wametekwa na kufichwa mahali mbalimbali, kila mmoja pamoja na baruti. Batman anampiga ili aseme walipo. Joker anacheka. Hatimaye anataja mahali pote pawili, lakini amebadilisha majina: Batman anakimbia kumwokoa mwanamke ampendaye, anamkuta yule mwingine, na mwanamke huyo anafariki. Kipigo kilileta maneno, hakikuleta ukweli.

Hayakuishia hapo. Askari aliyeachwa kumlinda mfungwa huyo anachokozwa kwa habari za wenzake waliouawa. Anapandwa na hasira, anamwendea kwa ngumi, na punde si punde yeye ndiye mateka, kipande cha kioo kikiwa shingoni mwake. Joker anatoroka. Tuseme kweli, ndugu wasomaji: kituo kizima hakikushindwa kwa uhaba wa silaha, bali kwa upungufu wa nidhamu.

Sheria za nchi yetu zimekwisha kulikata shauri hili. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 24, inakataza mateso, na kifungu cha 44 hakiruhusu katazo hilo kulegezwa kwa hali yoyote. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria maalumu inayoyafanya mateso kuwa kosa la jinai, na amri ya mkubwa si kinga kwa atendaye. Wako watakaosema kwamba sheria hizo zinamfunga askari mikono huku adui akiwa huru. Sisi twasema kwamba askari wa Gotham alikuwa na mikono huru kabisa, na uhuru huo ndio uliompokonya mfungwa wake.

Karibu na mwisho, Joker anatega mabomu katika vivuko viwili, kimoja cha raia na kingine cha wafungwa, na kila upande unapewa kitufe cha kuulipua mwingine. Raia wanapiga kura, wengi wanataka kulipua, lakini hakuna anayethubutu kubonyeza. Mfungwa mmoja wa kutisha anamwomba askari kitufe, kisha anakitupa majini. Wakazi wa Nakivale, ambao wengi wao walikimbia nchi ambako jirani alimgeukia jirani, hawahitaji mfasiri wa kuwaeleza uzito wa kitendo hicho.

Mkimbizi wa namna hiyo anapoletwa kituoni kuhojiwa, huitazama sare kabla ya kumtazama aliyeivaa. Ndugu askari, tuvute kiti, tuchukue kalamu, tuulize kwa utulivu na kuandika tunayojibiwa. Na anayetuchokoza tumwache acheke peke yake.