Mama Mwenye Kilio, Usifunge Moyo



Huku Masisi na Walikale ni nyumba chache zisizojua kilio. Vita ya 1993 ilianza upande wa Ntoto, katika Walikale, ikaingia Masisi. Tangu wakati ule zimefuata zingine. Katika 2025 vita ilifika Masisi-Centre mwezi wa kwanza, na Walikale-Centre mwezi wa tatu. Tena malaria, surua na shida za kuzaa zinaondoa watu wetu hata siku zisizo na bunduki. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya huzuni.

HUZUNI INAFANYA NINI KATIKA MWILI?

Mwenye kufiwa anakosa usingizi, chakula hakina utamu, kifua kinabana, anasahau sufuria motoni. Wengine wanasikia sauti ya marehemu mulangoni. Hii siyo wazimu, wala siyo uchawi. Ni moyo unaotafuta mutu uliyemuzoea.

MOYO KUFUNGWA NI NINI?

Mama anasema: "Nilipenda yule, akakufa. Huyu sitamupenda sana." Basi anamunyonyesha akitazama pembeni, hamusemeshi, hamuleti siku ya kupima kilo. Hamuchukii, anaogopa kuumizwa tena. Lakini mutoto mudogo anahitaji maziwa, na anahitaji uso wa mama pia. Asiyesemeshwa, asiyechekewa, anaweza kuchelewa kusema na kucheza, na mara nyingine kilo haipandi. Hivi kifo kimoja kinadhuru nyumba mara ya pili.

MAZIWA YANAHARIBIKA?

Watu wengine wanasema maziwa ya mama mwenye kilio ni mabaya. Si kweli. Huzuni inaweza kuchelewesha maziwa kushuka, lakini haiyaharibu. Kaa pahali pa utulivu, kunywa maji ao uji, weka mutoto kifuani mara kwa mara. Akinyonya, maziwa yatakuja.

TUFANYE NINI?

1. Lia. Machozi hayana aibu.

2. Taja jina la marehemu. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, jamaa nyingi za Kivu ya Kaskazini hazikuruhusiwa kuosha wafu wao. Wengine walikimbia vita wakaacha wafu bila kaburi. Hata bila kaburi, kusanya jamaa, kila mutu aseme jambo moja analolikumbuka.

3. Ambia watoto kweli. Usiseme "baba analala" ao "amesafiri." Mutoto ataogopa kulala, ao atangoja njiani kila jioni. Sema: "Baba alikufa, hatarudi. Mimi niko hapa na wewe."

4. Kubali sahani ya fufu na sombe ambayo jirani anakuletea. Siku yake ikifika, nawe umupelekee.

5. Usitafute kusahau katika kasiksi ao kanyanga. Asubuhi huzuni iko palepale, na feza haiko.

6. Usiache uchungu ugeuke chuki. Mama anayeketi karibu nawe kwenye benchi ya kliniki, hata kama ni wa kabila lingine, labda naye alizika. Mutoto aliye mugongoni mwake hakuua mutu.

Kufungua moyo si kusahau. Mama aliyezaa watano na kuzika mumoja, angali mama wa watano. Mapendo unayomupa aliye hai hayaibwi kwa yule aliyekufa.

WAKATI GANI KUONA MUUGUZI?

Kama majuma mawili yamepita na hauwezi kula, kulala, ao kuamuka kutunza watoto, kuja kwetu. Kama unawaza kujiua ao kudhuru mutoto, kuja leo leo, usingoje siku ya kliniki. Usitembee peke yako. Kuja na dada yako, mama mukwe ao jirani. Na wewe jirani, ukiona mama mwenye kilio haonekani tena kisimani wala shambani, piga hodi kwake.

Siku ya kupima kilo, kama umefiwa, ambia muuguzi. Mutoto anapimwa, na mama naye anaulizwa habari yake.