Radi ya Vuli na Roketi za Lukaya

Msomaji mmoja wa Bariadi ameniandikia kuhusu baba yake. Mzee alikwenda vita ya Uganda akiwa mgambo, akarudi salama, akaendelea na pamba na ng'ombe wake. Lakini kila mwaka radi ya kwanza ya vuli ikipiga, huinama na kujifunika kichwa kwa mikono, hata kama amekaa na wageni. Radi za siku zinazofuata humshtua kidogo tu, na ikifika Desemba hata hageuki. Mwaka ukizunguka, radi ya kwanza inamwinamisha tena. "Kama alishazoea," anauliza msomaji, "mazoea yale huwa yanakwenda wapi?"

Wanasayansi wa ubongo wamelihangaikia swali hilihili kwa zaidi ya miaka 100.

Mkondo wa Vita vya Kagera sitaurudia. Majeshi ya Iddi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na JWTZ ikaiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mimi nataka usiku mmoja tu, ule wa tarehe 10 Machi 1979 pale Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala inayokatiza kinamasi. Brigedi ya 201, wengi wake wakiwa mgambo ambao hawajazoea mapigano, ilirushiwa roketi za Katyusha na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Roketi zilipita juu, zikaanguka mbali nao, lakini mlio wake ulitosha kuwatawanya gizani. Alfajiri Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilizunguka ikatokea upande mwingine, wale wa 201 wakajipanga upya wakarudi, na Lukaya ikatwaliwa. Mtu asiwabeze waliokimbia. Mlio ule uliifikia miili yao kabla haujazifikia akili zao, na jambo hilo limepimwa.

Sauti ikitoka sikioni hupitia kituo kiitwacho thalamasi, kisha hushika njia mbili. Moja hupanda hadi kwenye gamba la ubongo, ambako sauti hutambuliwa: hii ni radi, hili ni lori la pamba, hii ni bunduki. Nyingine hukata moja kwa moja hadi amigdala, vifundo viwili vidogo vinavyosimamia hofu. Katika vipimo vya panya alivyovieleza Joseph LeDoux wa New York, njia ya mkato huchukua kama milisekunde 12, na ile ya kupitia gamba karibu mara mbili yake. Amigdala haisubiri kujua sauti ni ya nini. Inatazama tu kama inafanana na ile ya siku ya hatari, na ikifanana, moyo na misuli hupata amri palepale. Akili inapofika na habari kwamba ni radi tu, mzee ameshainama.

Hadi hapo ni kuanza kwa hofu. Kwangu mimi utamu uko kwenye kutulia kwake. Ivan Pavlov, yule Mrusi wa mbwa, aliwazoesha mbwa wake kutokwa mate kila wasikiapo mlio uliotangulia chakula. Baadaye akawa anaupiga mlio bila kuleta chakula, na mate yakapungua hadi yakakoma. Akawaacha wapumzike, akaupiga tena. Mate yakarudi! Ni radi ya kwanza ya Bariadi hiyohiyo, ila ndani ya maabara. Kule kutulia, kunapokuwa kwa hofu badala ya mate, wataalamu wamekuita kwa jina ambalo ukilileta kwetu unapata "kuzimika kwa hofu", nami silitaki, kwa sababu kilichozimika hakijiwashi chenyewe. Nitasema kulaza hofu. Kilicholala kinaweza kuamka, na ndivyo ilivyo.

Kwa mtu wa Bariadi mfano upo njiani. Ng'ombe wakipita palepale kila siku kwenda lamboni, udongo mweusi wa mbugani hukanyagika hadi njia ikawa mfereji. Siku mwenye eneo anapoamua kulima pamba hapo, huziba njia kwa matawi ya miiba na kuwazungusha ng'ombe pembeni ya shamba. Mwanzoni wanagoma, wanasimama pale penye miiba wakisubiri pafunguliwe. Baada ya miezi kadhaa wanaifuata njia mpya bila hata mchungaji kupiga mluzi. Ile ya zamani inaota nyasi, na mgeni akipita hatajua kama paliwahi kuwa na njia. Lakini hakuna aliyeifukia. Kiangazi kikikaza, miiba inakauka, mchwa wanaila, mbuzi wanapenyeza vichwa. Mvua kubwa ya kwanza ikishuka, maji hayaulizi njia mpya iko wapi, yanaingia kwenye mfereji uleule na kuuchimba zaidi. Mwenye shamba anakata miiba mibichi, anaziba upya, na wiki chache baadaye ng'ombe wameshazoea tena. Kazi hiyo ni ya kila mwaka.

Miiba hiyo ina mahali pake ubongoni. Mwaka 2002 Mohammed Milad na Gregory Quirk, wakiwa Puerto Rico, walitoa taarifa ya seli zilizo katikati ya gamba la mbele la ubongo wa panya, ambazo hutoa ishara pale panya anapokumbuka kwamba mlio uliokuwa ukimuumiza sasa hauna madhara. Kutoka huko amigdala hupokea ishara ya kuzuia. Walipozichochea seli hizo kwa umeme, hata panya ambao hofu yao haijalazwa wakawa kama waliotulizwa. Nalipenda sana jambo hili, maana linageuza tulivyozoea kufikiri. Mzee aliyekaa kimya chini ya radi ya Desemba ana seli zinazofanya kazi wakati huohuo kumweka kimya.

Mark Bouton wa Chuo Kikuu cha Vermont aliongeza lingine. Ukimfundisha panya ndani ya kisanduku kimoja kwamba mlio hauna madhara, kisha ukamhamishia kisanduku kingine, hofu huamka. Fundisho la hofu husambaa kirahisi kila mahali, ila fundisho la usalama hubaki pale lilipotolewa. Binadamu si panya, lakini katika hili tunafanana kwa kiasi cha kutosha.

Kwa hiyo mahali anaporudi askari ni sehemu ya tiba yake. Wilaya ya Bariadi, wakati ule ikiwa bado ndani ya Shinyanga, iliwarudisha watu wake katika miaka migumu. Vita iligharimu takriban dola milioni 500, Mwalimu Nyerere akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na maduka yakabaki matupu. Silaha zilizozagaa baada ya vita ziliingia mikononi mwa wezi wa mifugo. Kati ya 1981 na 1982 vijiji vya mpakani mwa Kahama na Nzega vikaunda Sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi, na likaenea Usukuma kote. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa usiku, kila mwanamume alitoka na upinde na mishale, na aliyebaki kitandani alitozwa faini. Ninawaheshimu Sungusungu kwa kuokoa ng'ombe wa watu, ingawa wapo waliotesa wanawake kwa tuhuma za uchawi. Sheria iliwapa mamlaka rasmi mwaka 1989. Lakini kwa ubongo uliokuwa ukihitaji usiku mwingi mtulivu ili ujifunze kwamba vita imekwisha, kila mwano wa usiku ulikuwa unang'oa miiba.

Tiba iliyonivutia zaidi imepimwa hapahapa Afrika Mashariki. Mgonjwa hutandika kamba sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka maua penye mema na mawe penye mabaya. Kisha, kikao baada ya kikao, husimulia yote kwa mpangilio, na kwenye jiwe hupunguza mwendo: ilikuwa wapi, mwezi gani, nani alikuwa kando yako, ulisikia nini, mwili ulifanya nini. Lengo ni kuufunga mlio ule kwenye tarehe na mahali pake, usizurure. Kwa wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi, Uganda, mwaka mmoja baadaye asilimia 29 tu ya waliosimulia hivyo walibaki na ugonjwa wa kiwewe, na kwa waliopewa ushauri nasaha wa kawaida ilikuwa asilimia 79. Kule Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi Uganda, wasimamizi hawakuwa madaktari, bali wakimbizi wenzao waliopewa mafunzo ya muda mfupi, na walifanikiwa pia.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usimwambie mzee "ni radi tu". Hilo akili yake inalijua, ila inachelewa kufika. Wakati wa kiangazi, mchana, muulize usiku wake mbaya wa vita ulikuwa wapi, ulianzaje na aliondokaje, na akianza kusimulia usimkatize pale penye mlio. Mwache afike alfajiri ya siku ya pili, hadi safari ya kurudi Bariadi. Kama hataki, msimlazimishe. Akiwa anapiga kelele usingizini au ameegemea pombe, mpelekeni hospitali kwa mtaalamu wa afya ya akili kabla hamjagusa habari za vita.